Tisini na Tisa na Moja

Mama Ngoie Kasweka aliiweka mezani,
imefungwa kitambaa cha kichwa kama kifaranga mgonjwa.
"Inahesabu bado," alisema, "lakini zero ilikufa."
Yeye huita zero, mimi huita sufuri.
Kitufe hakikuitikia jina lolote.

Nikabonyeza. Saba ikaja. Nne ikaja kwa uvivu.
Sufuri ilishuka, ikapanda, kimya,
kama mlinzi anayekupigia saluti
na lango halifungui.

Kibanda changu kiko Katuba, ukuta mmoja na mashine ya kusaga.
Kila nikifunguacho kina unga tumboni:
redio, saa, simu za watu wa heshima.
Hii nayo nikadhani ni unga.
Skrubu nne, moja si yake. Kuna aliyenitangulia humu.
Mgongo ukaachia kwa mlio mdogo, kama jino la mtoto.

Chini ya betri, kijani.
Kijani kile kile cha mawe
ambayo vijana huwapungia wenye magari njia ya Likasi.
Shaba, ukiiacha gizani muda mrefu,
hukumbuka kwao, hutaka kuwa jiwe tena.
Nikaikwangua kwa sindano. Siki, kijiti cha sikio.
Nikapuliza. Nikangoja.

"Ilikufa lini?"
"Mwaka ule wa pesa za masufuri."

Sikuhitaji zaidi. Nilikuwa darasa la tatu:
noti zikienda dukani ndani ya mfuko,
mkate ukirudi mkononi.
Yeye alikuwa akiuza unga sokoni, mtaa wa Kenya.
Asubuhi bei ina sufuri tatu, jioni nne,
kidole hakina nafasi ya kuinuka,
hadi siku kioo kilipojaa pomoni,
kikaandika E, kikakataa kusema.
Vitufe vingine vilizeeka.
Hiki kilichoshwa.

"Na miaka yote hii, ulifanyaje?"
Akanitazama kama nimemuuliza anafungaje kikwembe.
"Kumi ni tisa na moja.
Mia ni tisini na tisa na moja.
Elfu mbili mia tano:
mbili, nne, tisa, tisa. Ongeza moja."

Kumbe kila deni la jirani,
kila gunia, kila ada ya shule ya watoto watano
alilifikia hivyo: anapanda hadi ngazi ya mwisho,
kisha anaruka kidogo.

Mpira wa sufuri ulikuwa umelika,
unang'aa kama kisigino cha mtembea peku.
Nikakata karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
duara dogo kuliko punje ya dengu,
tone la gundi,
na hapo hapo umeme ukaenda zake.
Mashine ya jirani ikashusha pumzi, ikanyamaza.
Mtaa mzima ukasema ahaa!
Mama Ngoie akanimulikia kwa tochi ya simu.
Mimi ndiye niliyetetemeka.

Betri mpya. Skrubu tatu,
na ile isiyo yake nikairudisha palepale;
imekwisha kuzoea.

Ilipowaka kioo kikaandika sufuri chenyewe.
Hiyo haihesabiwi, huwa inakuja bila kuitwa.
Akabonyeza moja. Akabonyeza kitufe.
Kumi.
Akabonyeza tena, na tena,
mia, elfu, milioni, hadi ukingoni mwa kioo.
Akafuta yote haraka,
kama mtu aliyekuta barua ya zamani
na watoto wako chumbani.

"Bei gani?"
"Elfu tano tu, Mama."

Akaigeuza kidogo upande wake.
Nikaona kidole kikienda, bila haraka, bila kupotea:
nne, tisa, tisa, tisa.
Jumlisha.
Moja.

"Sawa," akasema, akaifunga kitambaa,
akaanza kunihesabia noti.